Mlango wa Sita: Mjadala wa Frogtown

Hoja: Mganga ana hisi ambayo watu wa kawaida hawana, na hisi hiyo inastahili nafasi kando ya kitanda cha mgonjwa.

Wanaojadiliana ni Waafrika Mashariki watatu wa Saint Paul, Minnesota, walio majirani wa Wahmong wenye asili ya Laos wa mtaa wa Frogtown: muuguzi mzaliwa wa Kisii, mjukuu wa mganga wa Pemba, na ustadhi wa Mombasa.

MJUKUU WA MGANGA: Nianze na majirani. Pita Thomas Avenue au Sherburne siku ya Jumamosi. Kuna nyumba utasikia upatu unalia. Ndani yumo txiv neeb, mganga wa Kihmong, amekaa juu ya benchi ambalo kwake ni farasi, kitambaa kimemfunika uso, njuga ziko vidoleni, naye yumo safarini kuitafuta roho ya mgonjwa iliyopotea. Anaziba macho ili aone. Kazi hiyo hakuiomba. Aliugua, akahangaika, mpaka mganga aliyemtangulia akatambua kwamba ugonjwa wenyewe ndio mwito. Sasa njooni Pemba. Bibi yangu naye aliugua kabla hajawa mganga. Akapungwa, pepo akapanda, bibi akawa kiti chake. Upatu ulilia vilevile. Laos na Pemba hazikuazimana. Mimi nasema milango ya fahamu si mitano. Uko wa sita, na wachache ndio waliofunguliwa.

MUUGUZI: Kufanana si ushahidi, kaka. Watu wa kila bara waliliona jua likitembea kuizunguka dunia, wote wakakubaliana, na wote walikosea. Mimi nauliza swali la wodini: hisi yako inaleta habari gani isiyopatikana kwa njia nyingine, na habari hiyo inakaguliwaje? Sina kinyongo na hisi zinazotupita. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafuga panya buku wanaonusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Mwenzao Magawa alipelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu. Hakuna aliyewaamini panya hao kwa heshima ya mababu zao. Walipewa sampuli ambazo majibu yake yanajulikana, wakahesabiwa walipopata na walipokosa.

MJUKUU WA MGANGA: Sayansi hiyohiyo, dada, ilimbeza popo. Mwaka 1793 Mtaliano Lazzaro Spallanzani aliona kwamba popo aliyepofushwa huruka bila kugonga kitu. Louis Jurine wa Geneva akaonyesha kwamba ukimziba masikio ndipo anapopotea. Wakubwa wa enzi hizo, Georges Cuvier akiwamo, wakakataa: eti ni mguso tu wa mabawa. Ikangojwa hadi 1938, Donald Griffin na George Pierce walipomweka popo mbele ya chombo cha kunasa sauti tusizozisikia. Karibu miaka 150 mnyama alikuwa anaona kwa masikio na wasomi wanasema haiwezekani. Utanihakikishiaje kwamba txiv neeb hamumfanyii hayohayo?

MUUGUZI: Popo hakukosa ushahidi, alikosa maelezo. Tangu majaribio ya kwanza alizikwepa nyuzi alizoning'iniziwa chumbani, na aliyerudia jaribio aliona vilevile. Kilichobishaniwa ni njia. Tukio halikuwa na shaka. Nipe tukio. Nipe mganga mmoja anayezikwepa nyuzi kila akiruka, nami nitayangoja maelezo hiyo miaka 150.

USTADHI: Nyote wawili mmekubaliana jambo ambalo mimi silikubali, kwamba ghaibu ni kitu cha kufikiwa na kiumbe, ubishi ukabaki kwenye chombo tu. Mimi siwezi kusema uchawi haupo; Kurani imeutaja, na majini nayaamini kama ninavyoamini malaika. Lakini ilimu ya ghaibu ni ya Mungu peke yake. Mganga anayedai kuiona ama anatudanganya, ama anadanganywa na jini anayempa neno moja la kweli na kulifunika kwa mengi ya uongo. Kwa hiyo, mwanangu wa Pemba, mimi sikupingi kama dada huyu anavyokupinga. Yeye anasema chumba ni kitupu. Mimi nasema kina mtu, na huyo mtu si wa kuaminiwa.

MJUKUU WA MGANGA: Ustadhi, kwetu walimu wengi wa chuoni ndio hao hao wenye vitabu vya falaki. Na wewe mwenyewe ukiletewa mgonjwa unamwandikia kombe kwa zafarani, linaoshwa, anakunywa. Mpaka uko wapi?

USTADHI: Mpaka uko wazi. Kombe ni dua. Anayeandika anaomba na hajui atajibiwa nini. Mpiga ramli hamwombi mtu, anakwambia amejua: mali yako iko wapi, nani amekufunga, safari yako itakuwaje. Mwombaji anaweza kunyimwa akabaki mkweli. Anayedai kujua akikosea, amesema uongo.

MJUKUU WA MGANGA: Basi tuzungumze vifo, maana hapo ndipo mnapoheshimu ushahidi. Tangu 1977 hadi mwisho wa miaka ya 1980, wakimbizi zaidi ya 100 kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wakiwamo Wahmong wengi, karibu wote wanaume wenye afya, walilala hapa Marekani wasiamke. Mwaka 1981 ulikuwa mbaya kuliko yote. Madaktari walipasua vifua wasione cha kueleza. Wazee wa Kihmong walikuwa na jibu: dab tsog, huyo anayekukalia kifuani usiku ukashindwa kupumua wala kupiga kelele. Sisi tunamwita jinamizi. Nani alijua kabla ya nani?

MUUGUZI: Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, walieleza hitilafu ya umeme wa moyo inayoua watu usingizini, na baadaye vifo hivi vikahusishwa nayo. Inaonekana kwenye karatasi ya kipimo cha moyo. Mtu mwenye hatari kubwa anawekewa kifaa kifuani, akaamka kesho yake. Kumjua dab tsog hakukumwamsha mtu.

MJUKUU WA MGANGA: Umejibu nusu. Moyo huo walikuwa nao Laos pia; kwa nini vifo vikafurika baada ya kufika Marekani? Mtafiti Shelley Adler, aliyezungumza na Wahmong wa California, alitoa hoja katika kitabu chake cha mwaka 2011 kwamba hofu yenyewe ilichangia. Mtu alijua jinamizi linakuja, na ugenini hana mganga, hajawatambikia wazee wake, wengine wamekwishabatizwa na wamekatazwa matambiko; mwili uliobeba udhaifu ukazidiwa. Kama ni hivyo, mzee aliyesema tunakufa kwa sababu hatukutambika alihisi jambo ambalo kipimo chako hakina pa kuliandika.

MUUGUZI: Hofu naikubali, nimeiona ikipandisha shinikizo la damu mbele ya macho yangu. Lakini angalia umeacha nini njiani. Ulianza na mganga anayeona pepo, sasa unaye mzee anayeelewa watu wake. Huo ni ujuzi, tena mkubwa. Hauhitaji mlango wa sita. Na hofu ya namna hiyo kumbuka inakoweza kufika. Mwaka 1995, pepo aitwaye popobawa aliposemekana kuingia Pemba na kuvuka hadi Unguja, familia zililala nje zimekumbatiana, na umati ukamuua mtu mgonjwa wa akili kwa kumdhania ndiye. Mtu alikufa kwa sababu watu walikuwa na hakika wanahisi.

USTADHI: Na niongeze jambo ambalo mtu wa pwani analijua asipende kulisema. Nimemsikiliza mpiga ramli kazini. Anatupa neno: naona maji, naona mwanamke mfupi. Mteja anaitika, taire! Neno likimgusa, taire inatoka kwa nguvu. Lisipomgusa, inatoka kwa adabu tu. Mpiga ramli anafuata nguvu ya taire mpaka anafika mlangoni kwako na kukutajia rangi ya pazia. Wewe ndiye uliyempeleka. Masikio yake ni mazuri sana, hayo siyakatai.

MJUKUU WA MGANGA: Ahsante, Ustadhi, umenijengea hoja bila kukusudia. Masikio mazuri kupita ya watu wote, yaliyofunzwa miaka 30, yanayosikia kwenye pumzi ya mgonjwa kile ambacho mgonjwa hakijui: hiyo ni nini kama si hisi? Dada, yuko muuguzi mwenzio wa Scotland, Joy Milne. Alinusa mwili wa mumewe umebadilika harufu miaka kabla madaktari hawajamwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Chuo Kikuu cha Edinburgh kikampa fulana 12 zilizovaliwa, 6 za wagonjwa na 6 za wazima. Akawataja wagonjwa wote 6, na mmoja wa wazima akasema huyu pia anao. Wakahesabu kwamba amekosea. Miezi michache baadaye yule mzima akagundulika anaumwa. Angezaliwa Pemba angekuwa mganga, na wewe ungemdai karatasi.

MUUGUZI: Ningemdai, naye alizileta! Huyo ni shahidi wangu, kaka. Alikubali kunusa bila kuambiwa nguo ni ya nani. Alikubali kuandikiwa kosa, na kosa lile lile ndilo lililomtukuza. Nami nakiri wauguzi wa zamani tunayo hali hiyo: unaingia chumbani, mashine zinasema sawa, na wewe unajua huyu mtu usiku huu si salama. Ziko hospitali zinazoruhusu wasiwasi wa muuguzi peke yake uwe sababu ya kuita timu ya dharura. Lakini nikihisi hivyo simwambii mgonjwa amerogwa na wifi yake. Napima, naita daktari, naandika saa. Asubuhi kila mtu anaona kama nilikuwa sahihi.

MJUKUU WA MGANGA: Bibi yangu hakuwahi kumtaja wifi wala jirani.

MUUGUZI: Wengine wanataja. Mimi ni wa Kisii. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa kwetu kwa kuitwa wachawi. Kwa jirani zetu wa Tanzania, kanda ya ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Januari 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli. Bibi yako alikuwa na busara ya kunyamaza, nami namheshimu. Lakini iliyomzuia kutaja ni busara yake. Hisi yenyewe haina breki. Ikisema ni yule, ni yule.

MJUKUU WA MGANGA: Na koti jeupe lina breki? Waliowatisha wazazi wa Kisomali hapa Minnesota wakaacha chanjo ya surua hawakuwa na bao la ramli. Alikuwapo daktari wa Kiingereza, Andrew Wakefield, aliyechapisha makala katika jarida la Lancet mwaka 1998 akiihusisha chanjo na usonji, kisha akaja Minneapolis kuzungumza na wazazi hao. Mwaka 2017 surua ikalipuka, na wengi wa waliougua walikuwa watoto wa Kisomali. Hakuna mganga aliyetajwa. Ilikuwa makala ya kisayansi.

MUUGUZI: Kweli tupu, na inaniuma kuliko unavyodhani. Sasa uliza tulijuaje kwamba ni uongo. Watu wengine walirudia hesabu, mwandishi wa habari akafukua majalada ya watoto walioelezwa kwenye makala ile, na mwaka 2010 Lancet ikaifuta makala, Wakefield akafutwa katika daftari la madaktari wa Uingereza. Tulichelewa miaka 12, na watoto wamelipa. Lakini ilifutwa. Nionyeshe ramli iliyofutwa. Nionyeshe kikongwe mmoja ambaye baada ya kuuawa, mpiga ramli alirudi kwa ukoo akasema nilisoma vibaya.

USTADHI: Hapo hana jibu.

MJUKUU WA MGANGA: Ninalo, ila si la aina anayoipenda. Mganga asiyeponya hufilisika. Watu husema hana mkono, wanahamia kwa mwingine. Na txiv neeb hupewa ada baada ya kazi, hurusha pembe zake za nyati na kuziuliza tena na tena: roho imerudi? Zikianguka vibaya, anarudi safarini. Kosa limo ndani ya ibada yenyewe.

MUUGUZI: Anarusha mpaka zianguke vizuri. Ningekuwa na kipimo cha damu ninachokirudia mpaka kiseme ninachotaka, ningefukuzwa kazi. Na kuhama mganga si kumsahihisha. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu aliyesema Mungu alimwotesha dawa. Kikombe shilingi 500. Wako waliotupa dawa za VVU baada ya kukinywa. Foleni ilipokwisha, nani alirudi kuwahesabu?

MJUKUU WA MGANGA: Basi tushuke kwenye hoja, kitanda cha mgonjwa. Kule Merced, California, mtoto wa Kihmong Lia Lee aliugua kifafa. Kwa wazazi wake ni roho iliyokimbia. Kwa madaktari ni umeme wa ubongo. Kila upande ulimpenda na hakuna uliomsikia mwenzake, dawa zikatolewa kwa mkanganyiko, na mwaka 1986 ubongo wake ukaharibika asipate nafuu tena. Anne Fadiman alikiandika kisa hicho katika kitabu mwaka 1997. Mwaka 2009 hospitali ya Merced ikapitisha utaratibu wa kuwaruhusu waganga wa Kihmong kufanya ibada tisa wodini. Wahmong wa Minnesota walikuwa zaidi ya 60,000 kwa sensa ya 2010. Kuna sababu gani ya kuwanyima?

MUUGUZI: Mimi siwanyimi. Aje, afunge nyuzi mkononi mwa mgonjwa, aite roho. Masharti yangu ni mawili: asiguse dawa, na asitaje jina la mtu.

MJUKUU WA MGANGA: Na kule Merced kuimba kuliruhusiwa kwa sauti ya chini. Bila upatu, bila mnyama. Mmemfungulia mlango baada ya kumvua kila kinachomfanya aone. Ngoja nikuulize wazi. Daktari anasema upasuaji usiku huu. Txiv neeb anasema roho iko mbali, ngojeni siku tatu. Unamsikiliza nani?

MUUGUZI: Daktari.

MJUKUU WA MGANGA: Basi hukumruhusu kwa sababu ya hisi yake. Umemruhusu kama mnavyoruhusu maua.

MUUGUZI: Nimemruhusu kwa sababu mgonjwa mwenye amani analala, anakula, anakubali sindano. Ukitaka nimsikilize kwa habari, alete habari. Kabla ya picha ya kifua kupigwa, aseme itaonyesha nini. Tunaandika, tunafunga bahasha, tunafungua baadaye. Mara 10. Bibi yako angekubali?

MJUKUU WA MGANGA: Angekuuliza kwa nini unataka kumfedhehesha. Yeye alitazama kwa ajili ya mwenye shida, hakutazama kwa mashindano.

USTADHI: Mwanangu, hilo si jibu la anayeona. Mwenye macho ukimwambia hesabu vidole hivi, huvihesabu.

MJUKUU WA MGANGA: Haya, tuseme jirani yangu wa Thomas Avenue amekubali, na amepata 10 kwa 10. Utafanya nini, dada?

MUUGUZI: Nitamwamsha mkuu wa wodi usiku huohuo. Upatu utalia hata chumba cha wagonjwa mahututi. Na akikosa 10, wewe utafanya nini?

MJUKUU WA MGANGA: Mama yangu akiugua, nitamwita.

MUUGUZI: Baada ya kukosa 10?

MJUKUU WA MGANGA: Ndiyo. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliwakuta Wazande, na mwaka 1937 akaandika walichomwambia: wanajua kabisa kwamba ghala limeanguka kwa sababu mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Sitamwita jirani abahatishe picha ya kifua. Mashine yako inatosha. Nitamwita kwa swali ambalo mashine haijaulizwa.

USTADHI: Swali hilo lina mwenyewe, na si jirani yako.

MUUGUZI: Na mimi nakubali kwamba ni swali. Lakini kama jibu lake haliwezi kamwe kuwa la makosa, usiliite kuona. Iandike upya hoja yako: mganga anastahili nafasi kando ya kitanda. Toa neno hisi, nami natia sahihi sasa hivi.

MJUKUU WA MGANGA: Nikilitoa, umemwingiza mgeni. Mimi namwombea kiti cha mwenye nyumba. Silitoi.